Mafua ya ndege: Mpaka hufungwa haraka, soko hurudi polepole

GGABA, Kampala – Mwalo wa Ggaba unajulikana kwa samaki. Wanaofika hapa asubuhi huja kutafuta sangara, ambaye wenyeji humwita mputa, sato au ngege, na dagaa ambao hapa ni mukene. Lakini mfanyabiashara wa kuku na mayai naye ana sababu ya kuutazama mwalo huu na maji yaliyo mbele yake.

Ukifuata ufuko kwa boti kuelekea kusini magharibi, kwenye mdomo wa ghuba hiihii ya Murchison, unafika Lutembe. Ni eneo la ardhioevu kati ya Kampala na Entebbe lililoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006 kwa ajili ya ndege wanaohama. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoanza Ulaya na Asia, makundi makubwa ya ndege wa majini huja kukaa hapo mpaka baridi ipungue kwao.

Mwanzoni mwa Januari 2017 ndege hao walianza kufa. Kabla mwezi huo haujaisha, wafugaji na wasafirishaji wa Uganda walikuwa wamefungiwa masoko ya jirani, na wengi wao hawakuwahi kuiona Lutembe kwa macho.

Makala haya yanarudia kisa hicho kwa sababu mbili. Kwanza, virusi vya mafua ya ndege havijaondoka duniani. Tangu mwaka 2021 aina ya H5N1 imeenea Ulaya, Amerika na Afrika, na Machi 2024 iligunduliwa hata kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Pili, mambo mengi yaliyowaumiza wafanyabiashara wetu mwaka 2017 yanaweza kuwaumiza tena, na mengine yanazuilika kama mtu atajipanga mapema.

WAVUVI NDIO WALIOTOA HABARI

Kwa mujibu wa taarifa ya Wizara ya Kilimo ya Uganda, habari ya kwanza ilitoka kwa wavuvi wa Lutembe tarehe 2 Januari 2017. Waliona ndege wa porini wakifa kwa wingi. Tarehe 13 Januari ikaja taarifa nyingine kutoka Masaka, na safari hii ilihusu bata na kuku wa kufugwa pamoja na ndege wa porini. Jumapili ya tarehe 15 Januari serikali ikatangaza rasmi kwamba mafua ya ndege yameingia nchini. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni virusi vya aina ya H5N8, na visiwa vya Kalangala navyo vikatajwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa nchini Uganda katika mlipuko huo.

Ndugu msomaji, angalia tarehe hizo. Kati ya siku wavuvi walipotoa taarifa na siku serikali ilipotangaza zilipita karibu wiki mbili. Vipimo vya maabara vinahitaji muda, na hakuna serikali inayopenda kutangaza ugonjwa bila uhakika. Hata hivyo, katika wiki hizo mbili malori ya mayai na vifaranga yaliendelea kwenda Busia, Malaba na Katuna kama kawaida. Waliokuwa na mzigo njiani siku ya tangazo hawakuwa na dalili yoyote ya mapema.

Somo la kwanza ni hilo. Habari ya mafua ya ndege huanzia kwa watu wa majini na wa vijijini kabla haijafika wizarani. Msafirishaji mwenye uhusiano mzuri na watu wa mialo, au na daktari wa mifugo wa wilaya, huweza kujua siku kadhaa kabla ya wengine kwamba kuna jambo. Siku hizo zinatosha kusimamisha mzigo mmoja usiharibikie mpakani.

MPAKA ULIVYOFUNGWA

Siku chache baada ya tangazo la Kampala, Kenya ilipiga marufuku kuku, mayai, vifaranga na bidhaa zote za kuku kutoka Uganda. Rwanda nayo ikazuia. Kwa wazalishaji wa Uganda hilo lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa kwa miaka mingi vifaranga na mayai ya Uganda yamekuwa yakiuzwa Kenya, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mahindi na soya hupatikana Uganda kwa bei nafuu zaidi kuliko Kenya, na kwa hiyo chakula cha kuku na yai lenyewe hugharimu kidogo. Bei hiyo ndiyo inayolivusha yai la Uganda mpaka.

Marufuku ya 2017 ilihusu nchi nzima. Mfugaji wa Mbale, aliye mbali sana na Masaka, alifungiwa sawasawa na jirani wa shamba lililoathirika. Lori lililotoka Jinja lilirudishwa sawa na lililotoka Masaka.

Kanuni za kimataifa zinaruhusu njia nyingine. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya wanyama na mimea, uliopo tangu mwaka 1995, unazitaka nchi zitambue maeneo yasiyo na ugonjwa ndani ya nchi iliyoathirika. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo linaruhusu nchi kutenga kanda, au hata shamba moja lenye ulinzi mkali, na kuendelea kuuza kutoka huko. Aidha, kanuni zake zinasema kuwa ugonjwa ukionekana kwa ndege wa porini pekee, nchi nyingine hazipaswi kuzuia bidhaa za kuku wa kufugwa.

Kwa maneno mengine, ndege waliokufa Lutembe peke yao hawakuwa sababu ya kufunga mpaka. Bata na kuku wa Masaka ndio waliobadilisha hesabu, na hata hapo Masaka ingeweza kutengwa badala ya Uganda yote. Lakini kutenga kanda kunamtaka muuzaji athibitishe kuku ametoka wapi, amepita njia gani na nani amempima. Katika biashara yetu, ambapo mchuuzi hukusanya trei kutoka kwa wafugaji 20 na kuzipakia lori moja, uthibitisho huo haupo. Nchi inayonunua ikikosa uthibitisho hufunga mlango wote, na ni vigumu kuilaumu kwa hilo peke yake.

KUKU HASUBIRI MAZUNGUMZO

Tofauti kubwa kati ya kuku na saruji ni kwamba saruji inaweza kukaa ghalani mpaka maofisa wakubaliane. Kuku anakula kila siku, mpaka uwe wazi au umefungwa.

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye kuku 1,000 wa mayai. Kuku mmoja hula kama gramu 115 kwa siku, kwa hiyo kundi zima hula kilo 115. Kwa siku 30 ni kilo 3,450, sawa na magunia 69 ya kilo 50. Kama asilimia 80 ya kuku wanataga, atapata mayai 800 kwa siku, yaani mayai 24,000 kwa mwezi, sawa na trei 800. Gawanya kilo 3,450 kwa trei 800 na utaona kwamba kila trei imegharimu takriban kilo 4.3 za chakula.

Namba hiyo mchuuzi aiweke kichwani. Zidisha bei ya kilo moja ya chakula kwa 4.3 na utapata gharama ya chakula iliyomo ndani ya trei moja. Chakula huchukua kiasi cha theluthi mbili au zaidi ya gharama zote za ufugaji. Soko la nje likifungwa na bei ya ndani ikashuka chini ya gharama hiyo, mfugaji anapata hasara kila kuku anapotaga. Atauza kuku wake kama nyama. Mchuuzi anayeona bei imefika hapo ajue kwamba baada ya muda mfupi mayai yataanza kuadimika.

Kwa upande wa vifaranga muda ni mfupi zaidi. Yai la kutotolesha hukaa kwenye mashine siku 21. Maana yake ni kwamba mpaka ukifungwa leo, kwa wiki tatu zijazo vifaranga walioagizwa na wateja wa nje wataendelea kuanguliwa. Kifaranga wa siku moja huweza kuishi hadi kama saa 72 kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, na ndiyo sababu anaweza kusafirishwa mbali bila chakula. Saa hizo zikipita akiwa kwenye boksi mpakani, anakufa. Kwa hiyo mwenye kituo cha kutotolea hana budi kuwauza nyumbani kwa bei ya kutupa, au kuwaangamiza.

Ukiziunganisha hesabu hizi unapata ratiba ya mshtuko. Katika wiki tatu za kwanza vifaranga hujaa sokoni na bei yao huanguka. Wiki tano au sita baada ya hapo vifaranga walionunuliwa kwa bei rahisi huwa kuku wa nyama, nao hujaa sokoni kwa pamoja. Wafugaji wakiona hasara huacha kuingiza vifaranga vipya. Wale waliouza kuku wao wa mayai wakitaka kurudi, wanahitaji wiki 18 hadi 20 kabla kifaranga mpya hajataga yai la kwanza. Kwa hiyo miezi mitano au sita baada ya mpaka kufungwa, nchi iliyokuwa na mayai ya ziada inaweza kujikuta ina upungufu.

Mfanyabiashara anayeielewa ratiba hii hatakimbia biashara wakati wote wanakimbia, wala hatajaza mzigo wakati wote wanajaza.

DAGAA NA PUMBA PIA HUUMIA

Hapa ndipo Ggaba inaporudi kwenye hesabu. Sehemu ya dagaa wanaovuliwa Ziwa Victoria hailiwi na watu. Hukaushwa, husagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku kwa ajili ya protini. Viwanda vya chakula cha mifugo vya Kenya navyo hununua dagaa, pumba za mahindi, soya na mashudu kutoka Uganda na Tanzania.

Kwa hiyo kuku wakipungua mashambani, mwenye boti ya dagaa anapoteza mteja. Msagaji wa mahindi anabaki na pumba. Mwenye lori aliyekuwa akibeba mashudu kwenda na trei kurudi anapoteza safari mbili kwa pigo moja. Hawa hawatajwi kwenye tangazo la serikali, na hakuna anayewahesabu katika hasara ya mafua ya ndege.

Upo pia upande wa nchi inayofunga. Kenya inapozuia mayai ya Uganda, mfugaji wa Kiambu hufurahi kwa muda. Mama anayeuza chapati na mayai Kisumu hulipa zaidi. Na kama ugonjwa huo ukiwatisha walaji wenyewe, hata mfugaji wa Kiambu hafaidiki, kwa sababu watu huacha kula kuku wa aina yoyote. Hayo yalionekana mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006. Wakati huo habari za H5N1 kutoka Asia, na baadaye Nigeria na Misri, ziliangusha soko la kuku nchini Kenya bila kuku hata mmoja wa Kenya kuthibitika kuwa na ugonjwa.

Hofu ya mlaji haina mpaka. Ikumbukwe kwamba kuku na yai vilivyopikwa vikaiva vizuri haviambukizi mafua ya ndege. Hatari iko kwa anayemshika, kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa. Ujumbe huo mmoja ungefikishwa mapema sokoni, wachuuzi wengi wangeokoa mitaji yao.

VIFARANGA 6,400 WA NAMANGA

Mwaka huohuo wa 2017, Oktoba ikimalizika, maofisa wa Tanzania walichoma moto vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya. Thamani yao ilitajwa kuwa Shilingi milioni 12.5 za Tanzania. Serikali ilisema vifaranga hao waliingizwa bila kibali na kwamba ilikuwa ikizuia magonjwa, mafua ya ndege yakiwemo. Nairobi ililalamika. Februari 2018 vifaranga wengine kama 5,000 waliangamizwa hapohapo Namanga.

Tanzania ilikuwa imezuia uingizaji wa vifaranga tangu kipindi cha hofu ya 2006, na zuio hilo halikuwa siri. Hata hivyo biashara iliendelea kimyakimya, kwa kuwa mahitaji yalikuwepo na bei ilivutia. Mtu aliyevusha vifaranga mara kumi bila tatizo aliamini kwamba mara ya kumi na moja itakuwa vivyo hivyo.

Kwa msafirishaji, funzo la Namanga ni kwamba zuio la zamani lisilotekelezwa lina hatari kuliko zuio jipya linalotangazwa redioni. Zuio jipya kila mtu analijua. La zamani hulala miaka kumi, na siku likiamka hukuta mzigo wako uko barabarani. Kabla ya kupakia, usiulize tu kama watu wanapita. Uliza sheria inasemaje.

UGONJWA AU ULINZI WA SOKO?

Swali hili huulizwa kila mpaka unapofungwa, na jibu la kweli ni kwamba mara nyingi ni vyote viwili. Daktari wa mifugo hufunga mpaka kwa sababu ana kuku wa kuwalinda. Lakini anapotaka kuufungua tena, hukuta mlangoni wafugaji wa ndani ambao wameshaizoea bei nzuri na hawataki mshindani arudi.

Historia ya Uganda na Kenya inaonyesha hivyo. Mlipuko ulitangazwa Januari 2017. Mpaka mwishoni mwa 2021 kuku na mayai ya Uganda yalikuwa bado kwenye meza ya mazungumzo kati ya Kampala na Nairobi, pamoja na maziwa na sukari. Kwa wakati huo hoja ilikuwa imeshatoka kwa virusi na kuingia kwa bei. Machi 2021 mahindi nayo yalizuiwa kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti.

Kwa kipimo cha uchumi, zuio la afya lina gharama na faida kama kodi. Tofauti ni kwamba kodi inajulikana kiwango chake na inapitishwa bungeni, wakati zuio la afya linaweza kuwekwa kwa barua moja na halina tarehe ya mwisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Itifaki ya afya ya mimea, mifugo na chakula ilisainiwa mwaka 2013. Ushuru kati yetu umeondolewa kwa bidhaa nyingi, lakini cheti cha daktari wa mifugo kimebaki kuwa komeo la mlango.

Matokeo yake ni njia za panya. Mpaka rasmi ukifungwa, mayai hupita kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa boti usiku. Hakuna daktari anayekagua njia hizo. Zuio lililowekwa kuuzuia ugonjwa linaishia kuusukuma mzigo kwenye njia ambazo ugonjwa hauwezi kuonekana.

BRAZIL ILIVYOFANYA

Mei 2025 Brazil, nchi inayouza nje kuku wengi kuliko zote duniani, ilipata mafua ya ndege kwa mara ya kwanza katika shamba la kibiashara, kwenye mji wa Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul. China na Umoja wa Ulaya zilisimamisha ununuzi kutoka nchi nzima. Japani na Umoja wa Falme za Kiarabu zilizuia eneo lililoathirika tu na kuendelea kununua kutoka majimbo mengine. Tarehe 18 Juni 2025 Brazil ikajitangaza huru na ugonjwa, baada ya siku 28 kupita bila kisa kipya shambani. Hata hivyo China ilichukua miezi kadhaa zaidi kabla ya kufungua.

Wanunuzi hao wawili wa mwisho walikuwa wamekubaliana na Brazil kabla ya ugonjwa kwamba zuio litahusu kanda. Makubaliano hayo hayafanywi wakati ndege wanakufa. Hufanywa wakati wa amani, kwa karatasi zilizosainiwa.

Siku hizo 28 nazo zina maana kwetu. Zamani kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zilitaka miezi mitatu ipite baada ya kuangamiza kuku walioathirika na kusafisha mashamba. Tangu marekebisho ya 2021 muda wa chini ni siku 28. Ukiongeza siku za kuangamiza na kusafisha, mfanyabiashara ahesabu kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, mpaka hautafunguliwa kabla ya wiki sita. Asiye na akiba ya kuishi miezi miwili bila soko hilo anacheza kamari.

FIDIA NA UKWELI

Kuna jambo linalounganisha mfugaji wa Masaka na msafirishaji wa Busia, nalo ni fidia. Mfugaji anayejua kwamba akitoa taarifa kuku wake wataangamizwa bila malipo ana sababu nzuri ya kunyamaza na kuwauza usiku. Kuku hao huingia kwenye matenga ya mchuuzi asiyejua kitu.

Nigeria mwaka 2006, baada ya ugonjwa kuthibitishwa Jaji katika jimbo la Kaduna, ilianza kulipa fidia na baadaye ikapata msaada wa Benki ya Dunia. Afrika Kusini mwaka 2023 ilipoteza mamilioni ya kuku, maduka yakaanza kuwawekea wateja kikomo cha mayai, na suala la fidia likawa ugomvi mkubwa kati ya wafugaji na serikali.

Kwa mfanyabiashara, fidia kwa mfugaji ni bima ya barabara yake yeye. Shilingi inayolipwa shambani mapema huzuia hasara kubwa mpakani baadaye. Vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji huidai serikali kuhusu mizani, barabara na mafuta. Suala hili nalo lingestahili kuingia kwenye orodha yao.

MFANYABIASHARA AFANYE NINI

Kwanza, jua mzigo wako unatoka wapi. Andika jina la shamba, kijiji na wilaya kwa kila trei unazokusanya, na usichanganye wilaya mbili kwenye lori moja kama inawezekana. Siku kanda moja ikizuiwa, mwenye daftari ndiye atakayeweza kujitetea.

Pili, karatasi. Kuku, mayai na vifaranga vinahitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi ya mnunuzi na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa nchi ya muuzaji. Utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 hurahisisha cheti cha asili ya bidhaa tu, haukuondolei masharti ya afya. Wachuuzi wengi huchanganya mambo haya mawili.

Tatu, mkataba. Andikeni, hata kwa ukurasa mmoja, nani atabeba hasara serikali ikifunga mpaka mzigo ukiwa njiani, na nani atamlipa dereva kwa siku za kusubiri. Bima ya kawaida ya mzigo mara nyingi haifidii hasara ya kucheleweshwa. Soma masharti kabla ya kulipa.

Nne, usafi. Virusi husafiri kwa kinyesi, manyoya, matenga na matairi. Trei za karatasi zilizotumika zisirudishwe shambani. Matenga na trei za plastiki zioshwe kwa dawa kila safari. Lori lililobeba kuku hai lisiingie shamba jingine kabla ya kusafishwa. Hii inamlinda mteja wako, na mteja akifa njaa na wewe huna safari.

Tano, usitegemee mpaka mmoja. Waliokuwa na wateja wa ndani na nje mwaka 2017 walipata pa kupumulia. Wafanyabiashara waliotegemea Katuna walijifunza tena Februari 2019, mpaka huo ulipofungwa kwa sababu za kisiasa zisizohusiana na kuku, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022.

Sita, angalia kalenda. Ndege wanaohama hufika kwetu kuanzia karibu Septemba na Oktoba na huondoka kuanzia Machi na Aprili. Hicho ndicho kipindi cha kupunguza mikopo, kuongeza usafi na kuwapigia simu mara kwa mara watu wa mialo na madaktari wa mifugo. Ni kipindi hichohicho cha Krismasi na mwaka mpya, wakati kuku wanauzwa kwa wingi na kila mtu anataka kukopa ili ajaze lori. Hatari na faida hufika pamoja.

Kwa upande wa serikali, kazi iko wazi. Kampala na Nairobi, Kigali na Dodoma wakae sasa, wakati hakuna dharura, na wakubaliane kwa maandishi kwamba ugonjwa ukitokea wilaya moja zuio litahusu wilaya hiyo na jirani zake, kwamba ndege wa porini pekee si sababu ya kufunga, na kwamba kila zuio litakuwa na tarehe ya kupitiwa upya. Makubaliano hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji nchi zijengeane imani ya kupokea taarifa za ugonjwa bila kuadhibiana kwa ukweli.

Vinginevyo, safari ijayo wavuvi wa Lutembe watakapoona ndege wanaelea majini, kila nchi itakuwa na sababu ya kukawia kutangaza na kila jirani atakuwa na sababu ya kufunga. Mayai yaliyopakiwa Jumamosi yatakuwa tena Busia Jumatatu, bila pa kwenda.